Panya Aliyekosa Ukurasa wa Mwisho

Jumanne, 5 Machi

Mwanangu Kitindamimba,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama mlangoni, mara ya pili nimekaa, mara ya tatu nimevaa miwani, ndipo nikaielewa. Kumbe unataka nimchagulie Chiriku kitabu cha hekaya za wanyama, zile zenye funzo mwishoni, chenye picha kubwa, cha kumfaa mtoto wa miaka mitano. Halafu unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: "Baba, wewe umeshika vitabu maisha yako yote."

Kuvishika nimevishika. Hata dobi ameshika suti maisha yake yote, muulize amevaa ngapi. Mimi kazi yangu kiwandani ilikuwa kushona migongo na kupaka gundi. Yaliyoandikwa ndani yalikuwa siri ya wenye vitabu. Na shule unajua niliishia darasa la nne. Wengine wanasema niliiacha, wengine wanasema iliniacha. Tuliachana kwa maelewano.

Lakini mtoto akililia wembe mpe, na wewe umelilia kitabu tu. Jana nimekwenda kwa Mama Vitabu, yule wa kibanda cha pembeni ya stendi. Nikashika kimoja, nikakipinda mgongo, nikakinusa gundi, nikavuta uzi kwa kucha. Akaniangalia weee, mwisho akashindwa.

"Mzee, unanunua kitabu au unachagua samaki?"

"Samaki akioza natupa. Kitabu kikioza mtoto analia."

"Mtoto mwenyewe ana tabia gani, nikupe funzo linalomfaa?"

"Anaongea kama amelipwa."

"Basi hiki hapa. Kina chura aliyeongea hadi akakauka."

Nikamwambia chura akae naye, sisi Chiriku wetu tunamtaka mbichi. Nimechukua chenye jalada jekundu. Kimeshonwa kwa uzi, hakikubandikwa tu, maana kitabu cha mtoto hakisomwi, kinapigwa mieleka. Picha nzuri. Kuna panya mmoja amebeba kifurushi, amechorwa hadi unamsikia anahema.

Umesema nitume dukani kwenu, hapo unapouza miwani, si nyumbani. Kwani mkwe wangu fundi lifti siku hizi anakula karatasi?

Usinihangaikie. Chumba chako cha zamani nimempangisha bwana mmoja mpiga tarumbeta. Nyumba imejaa, hata kupiga chafya natafuta nafasi.

Baba yako,
Mzee Gundi

~

Jumamosi, 16 Machi

Shikamoo Baba,

Kitabu kimefika salama, na tunashukuru sana. Naomba usikasirike, nakirudisha pamoja na barua hii. Hatukufika mbali. Tulikwama kwenye hadithi ya simba anayewaaga watoto wake, akawaambia anakwenda kuwinda upande wa pili wa mlima, asirudi, ili wajifunze kujitegemea. Najua ni hadithi ya zamani na funzo lake ni zuri. Lakini sidhani inafaa kwa umri wake. Je, unaweza kutafuta kingine kisicho na mzazi anayeondoka?

Dukani ni rahisi zaidi kupokea mizigo, ndiyo maana. Mume wangu hajambo, yuko kazini mbali kidogo, lifti za majengo mapya.

Chiriku anakusalimu. Anasema asante sana kwa zawadi na anakutakia afya njema.

Nimefurahi kwamba umepata mpangaji. Nilikuwa nawaza jinsi ulivyo peke yako, na chumba kile kimekaa bure. Sasa sitawaza tena.

Mwanao,
Kitindamimba

~

Ijumaa, 22 Machi

Mwanangu,

Sijakasirika. Nimekasirikia posta tu, na viatu vyangu, na mvua.

Nimerudi kwa Mama Vitabu. Kuniona tu: "Haya, mzee wa kunusa amerudi."

"Mama yake mtoto amekikataa."

"Kina nini?"

"Simba ameondoka nyumbani."

"Basi chukua hiki cha kijani. Humu simba hatoki nje kabisa. Anakula wageni."

Nimekuchukulia kingine, cha buluu. Kina kuku mvivu, nyuki, punda mwenye madoido, na nyenje aliyeimba msimu mzima halafu njaa ikampiga. Gundi yake sikuipenda, lakini kuku amechorwa vizuri, ana uso wa shangazi yako.

Sasa nikuulize. Chiriku "anakutakia afya njema"? Chiriku yupi huyo? Huyu huyu aliyeniuliza msibani kwa bibi yake, watu wote wamenyamaza, kwa nini masikio yangu yana nywele? Chiriku ninayemjua mimi angesema, "Babu, kitabu kinanuka gundi na wewe pia." Salamu zake zimepigwa pasi. Mpe kalamu mwenyewe, hata achore mstari uliopinda, nitausoma. Simu usinipigie, unajua sikio langu na simu hawasalimiani. Juzi nimesikia upepo tu, nikajibu "ndiyo, ndiyo" nikidhani naulizwa hali, kumbe nimekubali kuletewa godoro.

Mpangaji hajambo. Jana tarumbeta yake imenifukuza ndani, nimezunguka mitaa hadi miguu ikaniuliza tunakwenda wapi. Siku hizi nikikaa nasimama, nikisimama nataka kukaa. Uzee una washawasha.

Baba yako,
Mzee Gundi

~

Jumatano, 3 Aprili

Shikamoo Baba,

Nakirudisha na hiki. Nyenje anakwenda kwa mchwa kuomba pa kulala, mchwa anamfungia mlango usoni, na picha imechukua kurasa mbili. Huwezi kuikwepa. Chiriku aliweka kiganja juu ya ule mlango, hakutaka kukiondoa.

Nisamehe kwa usumbufu. Nimefikiri vizuri ninachotafuta. Kisiwe na mzazi anayeondoka. Kisiwe na mlango unaofungwa. Kisiwe na mnyama anayeliwa wala anayechekwa kwa kuomba. Na kama inawezekana, kisiwe na mvua.

Kalamu nilimpa. Alikuwa amechoka.

Tumehama kidogo, kwa hiyo endelea kutuma dukani. Ni kwa muda tu. Usiulize, Baba, tafadhali. Nitakueleza nikikaa sawa. Msalimie mpangaji wako. Naamini anakulipa vizuri na anakaa muda mrefu.

Mwanao,
Kitindamimba

~

Jumatatu, 15 Aprili

Kitindamimba,

Kitabu unachokitaka kipo. Kinaitwa kitabu cha namba za simu. Hakuna mzazi anayeondoka humo, hakuna mlango, hakuna anayeliwa, na mvua hainyeshi toka A mpaka Z. Shida yake ni picha.

Mama Vitabu nilipomsomea masharti yako aliweka kichwa mezani. Akasema, "Mzee, hekaya bila mnyama mbaya ni kisu bila makali. Mtoto atakata nini?" Nikamjibu kwamba mtoto mwenyewe ana miaka mitano, kwa nini akate. Akasema, "Kwani huko nje wanamsubiri afike kumi?" Nikajifanya nanusa kitabu.

Basi nimeona heri nitengeneze mwenyewe. Nimeitoa sindano yangu, uzi, na kile kibao cha kubana migongo ambacho mama yako alikitumia kubania mlango. Nimevifumua vitabu vyote viwili, chekundu na cha buluu, mezani. Simba wako mtoro nimemng'oa. Mchwa na mlango wake nimemng'oa. Usidhani ni kazi ya kuchana tu, huko ni kuchinja. Karatasi za kitabu kilichoshonwa hukunjwa katikati, kwa hiyo ukurasa wa huku mbele na ukurasa wa kule nyuma ni karatasi moja, mapacha walioshikana kwenye uzi. Ukimng'oa huyu, yule wa kule anabaki yatima, ananing'inia. Lazima umkate ukingo, umpake gundi, umrudishe kwenye nafasi yake. Nimefanya hivyo kwa kila yatima. Mkono ulikuwa unakumbuka, ingawa akili ilikuwa dirishani. Nilikuwa nainuka kila nikisikia pikipiki, nikidhani ni mtu wa posta, narudi, nainuka tena. Gundi imekauka kwenye kikombe cha chai na chai nimeipaka kwenye jalada. Usiulize.

Nimekutumia hicho chekundu bila simba. Milango nimeacha mmoja, nakuonya mapema. Panya wangu mwenye kifurushi anabisha hodi hapa na pale. Sikuweza kumtoa, kanitazama. Na mtoto asiyejua kubisha hodi atakuwa mwizi.

Sijauliza kitu. Ona hapa jinsi nisivyouliza.

Mzee Gundi

~

Jumatano, 24 Aprili

Baba,

Panya anabisha kwa kuku, kuku anasema ana mayai. Anabisha kwa nungunungu, nungunungu anasema karibu, lakini hakuna mahali pa kukaa bila kuchomwa. Anafika kwa fuko. Anabisha. Fuko anasema kutoka ndani, "Nani?" Unafunua ukurasa, unakuta punda anajitazama kwenye maji.

Mwisho haupo. Umeutoa, Baba, au umeudondosha.

Nilikaa pale nimeshika kitabu. Nilitaka kufunga niseme tulale. Na Chiriku akasema, "Halafu?"

Nitakueleza sasa kwa nini neno hilo moja ni kubwa hivyo. Hajasema neno tangu katikati ya Februari. Baba yake alichukua begi, akamwambia anakwenda kutengeneza lifti mji mwingine, atarudi na pipi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nilijua si kweli, na sikusema kitu. Yuko na mtu mwingine, amenitumia ujumbe wa mistari miwili. Chiriku alikaa dirishani siku nzima, na ya pili, halafu akafunga mdomo. Daktari amesema masikio mazima, koo zima, tumsubiri, tumsomee. Kwa hiyo niliomba vitabu. Salamu zake zote nilizitunga mimi. Ulizijua.

Nyumba ilikuwa kwa jina lake. Tunalala kwenye chumba cha nyuma ya duka, kati ya maboksi ya fremu. Mwenye duka ni mwema lakini ametuambia mwisho wa mwezi ujao anakihitaji. Sikukuambia kwa sababu chumba changu kina mtu. Nisingeweza kukufanya umtoe mtu anayekulipa kwa ajili yangu, mimi niliyeondoka hapo nikisema najua ninachofanya.

Alisema "Halafu?" Nikamwambia sijui. Akanitazama kama vile nimemwibia. Akasema, "Babu anajua." Maneno matatu kwa miezi miwili, Baba. Tangu hapo kimya tena, lakini anatembea na kitabu, anakifungua pale pale, ananionyesha punda kwa kidole, amekasirika.

Nitumie ukurasa huo. Nakuomba. Leo hii.

Mwanao

~

Jumamosi, 27 Aprili

Mwanangu,

Nimekosa jinsi ya kuanza, kwa hiyo naanza na kosa langu.

Nilikuwa na yatima wawili mezani. Mmoja ni mwisho wa panya, pacha wa yule simba. Mwingine ni punda, wa kitabu cha buluu. Nikainuka kuchungulia pikipiki, nikarudi, nikapaka gundi, nikambandika yatima wa panya kwenye kitabu cha kuku, na punda nikampeleka kwa panya. Sasa hivi nimekifungua: kuku mvivu anaatamia mayai, unafunua, na mayai yametotoa panya mwenye kifurushi. Maisha yangu yote kiwandani sijawahi kumpeleka mtoto kwa mama asiye wake. Mnyapara wangu angekuwa hai angenitandika na rula.

La pili. Mpiga tarumbeta hayupo. Hajawahi kuwepo. Kila barua ulikuwa unaniuliza naishije peke yangu, nikaona nikujazie nyumba ili ulale. Nikamtunga. Nilianza kumpa tarumbeta, baadaye nikamkasirikia kabisa, siku moja nilisema "punguza sauti" kwenye chumba kitupu nikajishtukia. Chumba chako kina kitanda chako, magazeti, na lile godoro la simu. Ungeniuliza nafasi ningesema ipo. Hukuniuliza kwa kuwa nilikudanganya yupo mtu; na mimi sikukuita kwa kuwa ulinidanganya wewe una mtu. Tumefungiana mlango huku kila mmoja ameshika ufunguo.

Wewe ulisema unajua unachofanya. Kila anayetoka nyumbani husema hivyo. Mimi nilisema hivyo nilipoacha shule.

Kuhusu mkwe sisemi. Maneno ninayo, lakini yana mafuta machafu, yataharibu karatasi. Kazi yake ni kupandisha watu na kuwashusha, kumbe kushusha ndiko alikobobea. Basi, nimesema.

Ukurasa wa panya nimeubandua, nimeukausha, uko kwenye mfuko wa shati. Siutumi. Usinipigie kelele. Nikiutuma ataupata, atasoma, atafunga kitabu, na mdomo pia. Mwambie Babu anajua, na Babu yuko kwake, anayetaka aje. Basi la asubuhi linafika hapa kabla jua halijapinduka. Nitakuwa stendi. Kwa kweli nimeshakwenda leo kutazama pa kusimama.

Baba yako

~

Alhamisi, 2 Mei

Baba,

Tunafika Jumamosi. Mwenye duka amenipa siku mbili tu, kwa hiyo Jumatatu nitarudi kumalizia mwezi wangu wa kazi, na Chiriku atabaki kwako. Hajawahi kulala mbali na mimi. Sijui kama ninafanya sawa. Nimefunga mizigo, nimefungua, nimefunga.

Lakini kwanza niambie, wewe mwenyewe umeusoma huo ukurasa? Mwisho wake ukoje? Kama fuko hamfungulii, Baba, usimwonyeshe. Useme umepotea.

Kitindamimba

~

Alhamisi, 9 Mei

Mama Chiriku,

Naandika mimi, lakini hii si barua yangu. Mwenye barua amekaa juu ya magazeti, ameshika kikombe changu, na ameniambia niandike kila anachosema nisiongeze. Ya kwangu nitayapenyeza akinywa.

Anasema: Mama, umesahau soksi moja.

Anasema: Babu anakoroma mpaka dirisha linajibu.

Anasema niandike kuhusu ukurasa. Haya. Uliponiuliza sikukujibu kwa kuwa nilikuwa nimeusoma na haukunipendeza. Fuko hafungui. Anasema nyumba yake ni ya mtu mmoja, panya anarudi alikotoka, na chini wameweka kisanduku cha funzo: asiyeridhika na kwao, kwa watu hana chake. Ulipoondoka Jumatatu alisimama dirishani, hakutaka chai, hakutaka mkate. Kimya kile ulichokiandika, mimi nilikuwa sijakiona. Nilizunguka meza mpaka nikajikwaa. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano akanijia, akafungua kitabu kwa punda, akanyoosha mkono. Sikuweza kusema umepotea. Mfuko wa shati langu ulikuwa unaonekana. Nikampa, nikasoma, neno kwa neno, na kisanduku.

Akauchukua, akautazama mbele na nyuma. Akasema, "Huu si wa panya."

Nikamwambia ni wake, mimi ndiye niliyekosea nikaubandika kwa kuku.

"Huu ni wa kuku," akasema. "Rudisha kwa kuku. Fuko hawezi kusema hivyo, yeye haoni. Angejuaje kama nyumba imejaa?"

Nimefanya kazi ya vitabu tangu sina ndevu na sikuwahi kumwona mtu akimkatalia mwandishi usoni namna hiyo. Nikamwuliza, basi wa panya unasemaje? Akasema, "Leta karatasi nyeupe." Nikaleta. Akasema, akasema, akasema. Niliandika mpaka kidole kikaota mtaro. Fuko aliuliza nani, panya akasema mimi, fuko akasema mimi nani, panya akasema mimi mwenye kifurushi, fuko akasema kifurushi kina nini, na kilikuwa na vitu, Mama Chiriku, sitaviorodhesha, vingine vina miguu. Mpaka leo bado hajamwingiza ndani. Nikimwuliza anaingia lini, ananiambia, "Babu, subiri, wanaongea."

Amemaliza kunywa.

Anasema: Mama, uje na soksi nyingine.

Anasema: Baba akija dukani mwambie niko kwa babu. Kama ana pipi akuachie wewe.

Hili nimeliandika kama lilivyo. Nilitaka kutia la kwangu, nikaliacha.

Anauliza kama nimeandika. Anasema nimsomee. Nimemsomea. Anasema nimeruka sehemu ya dirisha kujibu. Sijairuka, iko pale juu, lakini nimemwonyesha na hakubali, hajui kusoma na bado ananisahihisha.

Anataka kukueleza sasa jinsi mlango wa fuko ulivyo, una rangi gani na unafunguka upande gani. Nimemwambia karatasi imekwisha.

Anasema: Mama, Babu ni mwongo. Ameikalia.